Hambaka ni nini, na kwa nini pikapu nyingine zinavuma

Hambaka ni pikapu ya gitaa la umeme yenye koili mbili, zilizounganishwa kwa namna inayofuta mvumo wa umeme lakini ikabakiza sauti ya nyuzi. Jina limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, moja likiwa na maana ya mvumo na jingine kupinga. Wapiga gitaa wengi wanaitambua kwa umbo tu, ile pana yenye safu mbili za vichwa vya chuma, wakaishia kusema "hii ina sauti nene". Unene huo upo kweli, ila haukuwa lengo. Lengo lilikuwa kuondoa kelele.

Tuanze na pikapu yenyewe. Pikapu haisikii hewa kama maikrofoni. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, unene wa karibu milimita 0.06, mizunguko elfu kadhaa. Sumaku inautia usumaku kidogo uzi wa chuma unaopita juu yake. Uzi ukitikisika, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili inapanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko kunazalisha umeme mdogo kwenye waya. Ndiyo sababu uzi wa nailoni hautoi kitu hata uuvute kwa nguvu gani. Ndiyo sababu pia ukifunga nyuzi za gitaa kavu, zile zilizoviringishiwa bronzi, nyuzi mbili nyembamba zinapiga kelele na zile nene zinabaki nyuma: bronzi haivutwi na sumaku, kinachosikika ni kiini cha chuma kilicho ndani tu.

Sasa, koili haichagui. Waya za umeme ukutani, transfoma iliyo ndani ya amplifaya na taa za tyubu vyote vinatoa nguvu ya sumaku inayopigapiga, na koili inaipokea kama inavyopokea uzi. Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa Hz 50, wa Marekani Hz 60, na huo ndio msingi wa mvumo unaousikia. Jaribu hivi: chukua gitaa la koili moja, ongeza sauti bila kupiga, kisha jizungushe taratibu ukiwa umesimama mahali pamoja. Kuna upande ambao mvumo unanywea karibu kuisha, na ukigeuka robo mzunguko unarudi wote. Anayerekodi na koili moja huutafuta upande huo kwanza ndipo anakaa.

Dawa ya kudumu kwenye magitaa ya kampuni ya Gibson ilitoka kwa fundi wao Seth Lover. Ombi la hataza, yaani haki ya mvumbuzi, liliwekwa mwaka 1955, hataza ikatolewa mwaka 1959. Pikapu za miaka hiyo zilibandikwa kibandiko cha Kiingereza kinachosema "Patent Applied For", yaani hataza imeombwa, na herufi za mwanzo za maneno hayo, PAF, ndizo zimekuwa jina la pikapu hizo hadi leo. Hata vibandiko vilivyofuata havikuwa na namba ya hataza ya pikapu. Vilikuwa na namba ya hataza ya kishikio cha nyuzi cha mpiga gitaa Les Paul. Kwa hiyo anayekuuzia pikapu ya zamani kwa kutegemea namba ya kibandiko peke yake, mwombe afungue uone ndani.

Ujanja wake uko hivi. Koili mbili zinakaa bega kwa bega. Ya kwanza ina ncha ya kaskazini ya sumaku juu, ya pili ina kusini juu. Kisha koili ya pili inaunganishwa kinyume na ya kwanza. Mvumo unaotoka ukutani haujali ncha za sumaku: unaingia kwenye koili zote mbili sawasawa, na kwa kuwa moja imegeuzwa, unakuwa kuongeza moja na kutoa moja, jibu ni sifuri. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili kwenye koili ya pili, mara ya kwanza na sumaku, mara ya pili na waya. Kitu kikigeuzwa mara mbili kinarudi kilivyokuwa, kwa hiyo sauti za koili mbili zinajumlishana. Ukigeuza waya tu bila kugeuza sumaku, utafuta mvumo pamoja na sehemu kubwa ya sauti. Hilo ndilo kosa la mtu anayeunga koili mbili za kawaida akitegemea kupata hambaka.

Na unene unatoka wapi? Koili mbili zikifuatana zinaongeza uzito wa umeme ambao mafundi wanaupima kwa henri. Pikapu ya koili moja ya Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ya mtindo wa zamani ina karibu henri 2.3, ya mtindo wa PAF ina karibu 4.3. Ukiunga kebo ya mita 5 au 6, hesabu inatoa kilele cha sauti karibu na Hz 4,300 kwa ya kwanza na Hz 3,100 kwa ya pili. Juu ya kilele hicho sauti inaporomoka. Tofauti hiyo ndiyo sikio linaiita "kali" na "nene". Aidha, koili mbili zinasikiliza uzi sehemu mbili kwa wakati mmoja, na mawimbi mafupi kabisa ya uzi yanafutana. Kwa solo la dansi linalotaka kila noti ichomoze juu ya ridhimu na tarumbeta, ukali wa koili moja ni mali. Kwa gitaa linalosukumwa hadi likwaruze, mvumo nao unakuzwa, na hapo hambaka haina mpinzani.

Kebo nayo inahesabika: ukitoka mita 5 kwenda mita 10, kilele kinashuka hata kama pikapu haijabadilika. Watu wamelipia pikapu mpya ili kutibu kebo ndefu.

Jambo linalopotosha wanunuzi kuliko yote ni kilo-omu. Tangazo linasema pikapu ni ya kilo-omu 16, mnunuzi anaelewa kwamba ina nguvu mara mbili ya ile ya 8. Omu zinapima ukinzani wa waya, na waya mwembamba zaidi unapandisha omu hata mizunguko ikiwa ile ile. Tumia kipimo hicho kwa kazi inayokiweza: kujua kama pikapu ni nzima. Koili moja ya mtindo wa Stratocaster husoma karibu 6, hambaka ya mtindo wa zamani kati ya 7.5 na 8.5. Mita ikionyesha njia imekatika, waya umekatika mahali. Ikisoma nusu ya ilivyotakiwa, koili moja ya hambaka haifanyi kazi, na mvumo utakuwa umerudi.

Ukinunua mpya, pima kwanza umbali kutoka kichwa cha chuma cha uzi wa kwanza hadi cha sita, katikati kwa katikati. Kuna za milimita 49 hadi 50, na kuna pana za 52 hadi 53 kwa madaraja ya aina ya Fender. Angalia na potensiometa, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha sauti: koili moja hutumia ya kilo-omu 250, hambaka 500. Hambaka kwenye 250 inapoteza ung'aavu, halafu lawama inaangukia pikapu.

Waya za rangi ndizo zinazoharibu kazi nyingi. Hambaka ya kisasa ina waya nne na mmoja mtupu, na rangi hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa Seymour Duncan, mweusi unakwenda kwenye swichi, mweupe na mwekundu unaziunga pamoja na kuzifunika, kijani na mtupu vinakwenda ethi. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa kwenda kwenye swichi, mweusi na mweupe zinaungwa pamoja, kijani na mtupu ethi. Ukichanganya pikapu za kampuni hizi kwenye gitaa moja na kufuata mchoro mmoja, moja itakosewa. Dalili nyingine ya kuunga vibaya: kila pikapu peke yake iko sawa, ukifungua zote mbili sauti inakuwa nyembamba na ya puani. Hapo moja imegeuka. Badilishana waya wake wa swichi na ule wa kijani unaokwenda ethi, lakini mtupu ubaki ethi.

Kuna kelele ambazo hambaka haziondoi. Mchirizo mkali unaopungua ukishika nyuzi unatoka kwenye umeme wa hewani unaonaswa na mwili wako. Tibu kwa kupaka rangi ya kupitisha umeme au kubandika karatasi ya shaba ndani ya shimo la vifaa, na uiunge na ethi. Kelele ikiongezeka ukishika nyuzi, mara nyingi waya za jeki zimegeuzwa. Mdomo ukigusa maikrofoni ukapigwa shoti, acha kupiga papo hapo: soketi haina ethi au amplifaya ina hitilafu, na hilo ni la fundi umeme. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ili kuua mvumo.

Pikapu zenye betri, kama za EMG, hupokea sauti kwa koili ndogo na kuikuza ndani kwa betri ya volti 9. Kebo ikiwa imechomekwa, betri inaliwa hata gitaa likiwa kimya, kwa hiyo chomoa ukimaliza. Sauti ikianza kukwaruza na kupungua ghafla, badilisha betri kabla hujafungua kitu chochote.

Kabla ya kununua lolote, rekebisha urefu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya chini ya uzi na kichwa cha chuma. Hambaka anzia milimita 1.6 pande zote. Koili moja ya mtindo wa zamani milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa nyuzi nyembamba. Ikiwa karibu mno, sumaku ya koili moja inauvuta uzi: noti za juu shingoni zinayumba kana kwamba hazijatuniwa, na ukituni tena haziponi. Shusha nusu mzunguko wa bisibisi, piga, sikiliza, shusha tena, mpaka kuyumba kuishe.