Je, wajua kwa nini Rungwe ina maziwa ya mviringo yasiyo na mto?

Ukipita Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, kuelekea Kyela, katikati ya migomba utakuta maziwa madogo ya mviringo kama sinia: Kisiba kule Masoko, Ikapu, Itamba na mengine. Mengi hayana mto unaoingia wala unaotoka. Yamefikaje hapo?

Tumezoea kwamba volkeno hujenga mlima. Kyejo, volkeno ya hapo Rungwe, ilipolipuka mara ya mwisho, karibu mwaka 1800, ilimwaga lava ikaganda juu ya ardhi. Kwenye maziwa haya mambo yalikwenda kinyume: magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, iliyokuwa ikipanda ilikutana na maji ya ardhini, na Tukuyu, yenye mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, haina uhaba wa maji.

Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hutaka nafasi ya lita 1,700 hivi. Chini ya ardhi nafasi hiyo haipo, kwa hiyo mwamba hupasuka na kurushwa juu. Maji hurudi kwenye shimo, magma nayo inaendelea kupanda, mlipuko unajirudia, kila mara chini zaidi. Kipimo cha maji ndicho huamua. Yakiwa machache mno, hutoka lava na kokoto za moto zinazojenga kilima. Yakizidi mno, magma hupoa bila kishindo. Milipuko ikikoma, shimo hujazwa na mvua na maji ya ardhini.

Usichanganye mashimo haya na Ziwa Ngozi. Ngozi ni kaldera: volkeno ilitapika magma nyingi, chumba chake kikabaki kitupu, paa likadidimia. Ndiyo maana kuta zake ni ndefu na kali, na kaldera ina upana wa kilomita 3 hivi. Ukingo wa shimo la mlipuko huwa mfupi. Ukichimbwa, utaona tabaka za majivu zilizochanganyika na vipande vya miamba ya zamani iliyong'olewa chini.

Kisiba husemwa halina mwisho. Lina mwisho: kina chake hakifiki mita 40. Kwa kuwa hakuna mto wa kulivuruga, tope limetulia tabaka kwa tabaka, na wanasayansi waliotoboa chini yake walisoma humo mabadiliko ya mvua na uoto ya miaka 45,000 hivi.

Joto bado lipo chini. Sehemu za Rungwe hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na viwanda huivuna. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama kwenye mabonde na mashimo, hasa asubuhi kusipo na upepo. Ukikuta ndege au panya wamekufa pamoja kwenye shimo, usiinamie kuwaokota: pumzi chache humtosha binadamu kuzimia. Panda juu kwanza, ndipo umwite mwenzako.