Jiwe jeusi la Ludewa si makaa

Nimetumiwa tena picha ya jiwe jeusi na swali lile lile: "Mtaalamu, huku kwetu kuna makaa ya mawe?" Jiwe lenyewe limeokotwa mlimani, upande wa Liganga. Jamani, hicho ni chuma! Linyanyue tu. Makaa ni mepesi, hayafiki hata mara mbili ya uzito wa maji. Magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, inapita mara tano. Mkono unatosha, na ukiwa na sumaku basi mjadala umefungwa.

Najua chanzo cha mkanganyiko. Liganga ya chuma na Mchuchuma ya makaa hutajwa pamoja kama Kulwa na Doto, watu wakadhani hata miamba yake imezaliwa tumbo moja. Chuma cha Liganga kimo ndani ya anothosaiti, mwamba uliopoa kutoka uji wa moto chini ya ardhi, mkongwe kuliko Karoo yote, yaani yale matabaka ya miamba yenye makaa. Makaa ya Mchuchuma ni mimea ya vinamasi vya kipindi cha Permiani, miaka milioni 280 hivi iliyopita, ikafukiwa na mchanga na tope la mito ya bonde la Ruhuhu. Kilichovikutanisha ni wilaya ya Ludewa tu.

Linaloniudhi hasa ni imani kwamba weusi ukionekana juu ya ardhi, makaa yapo chini. Makaa yakikaa juani na mvuani hayabaki yanang'aa. Hupasuka vipande vidogo, hufifia, huwa kama masizi ya kahawia, kisha maji huyabeba. Kinachobaki kimesimama ni mwamba wa mchanga, wa kijivu au manjano, ambao hakuna anayehangaika kuupiga picha. Ndiyo maana mimi sipandi vilele. Nafuata makorongo na kingo za vijito, maji yalikokata karibuni, nikitafuta tope gumu lenye alama za majani ya Glossopteris, mmea wa kale wa enzi za makaa hayo. Hata hapo tulia. Tope lenye kaboni kidogo huchafua vidole sawasawa na makaa, ila ukilichoma linabaki karibu lilivyokuwa. Na kwa kuwa makaa yetu ya Gondwana, lile bara kuu la kale la kusini, yenyewe yana majivu mengi, mpaka kati ya makaa machafu na tope jeusi ni kiwango cha majivu tulichokubaliana mezani. Mwamba wenyewe hauna habari nacho.

Mwanajiolojia Stockley aliyapa matabaka haya ya Karoo namba, K1 ya chini kabisa hadi K8 ya juu, mwaka 1932, na wengine bado tunazitumia. Makaa yamo K2 na K4. Ukiniambia umeokota mifupa iliyogeuka mawe, ya K6 au K8, nakujibu kuwa uko juu mno: makaa, kama yapo, yako chini sana ya miguu yako.

Ripoti huchora tabaka la makaa likienda bila kukatika kutoka tundu moja la uchorongaji hadi jingine. Bonde lenyewe limevunjwavunjwa na mipasuko, na tabaka nene hapa laweza kuwa limeliwa na mto wa enzi hizo hizo hatua chache mbele. Ng'ambo ya mpasuko nakuta makaa, sawa, lakini ni yale yale? Tunalinganisha spora na chavua za mimea ya kale zilizobaki mwambani, tunaangalia mwamba wa juu na wa chini, halafu tunachora mstari wa nukta huku roho ikisita. Zile tani milioni 428 za makaa zinazokadiriwa kuwapo Mchuchuma si uongo, ila zimesimama juu ya mistari ya aina hiyo, na husomwa kana kwamba kuna mtu aliyezipima kwenye mizani. Ukitajiwa tani, uliza kwanza matundu yaliachana mita ngapi.