Shoti inasingiziwa mengi

Gari halikuwaka asubuhi: shoti. Taa moja ya mbele imegoma: shoti. Redio inakoroma ukiwasha wipa: shoti. Jumamosi jirani yangu alinisimamisha getini akanieleza kwa uchungu kwamba gari lake "lina shoti kwenye pampu ya mafuta", kumbe soketi ya waya wa pampu ilikuwa imechomoka. Nikaona afadhali niandike.

Shoti ni pale umeme unapopata njia ya kurudi kwenye betri bila kupita kwenye kifaa uliotumwa kukiendesha. Basi, ndiyo maana yake yote.

Neno tumelichukua kwa Waingereza, na kwao ni "fupi" tu. Kinachofupishwa si waya, ni safari. Nyumbani waya huenda wawili wawili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Kwenye gari, mara nyingi waya wa moto peke yake ndio unaosafiri mbali hadi kwenye taa. Kurudi, umeme hupitia kwenye bati lenyewe, kwa kuwa hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Sasa waya wa moto ukichubuka popote njiani ukagusa bati, umeme unakata kona. Balbu ya breki ya wati 21 hula chini kidogo ya ampea 2. Ondoa balbu katikati, hakuna cha kuuzuia umeme isipokuwa waya wenyewe, na betri ya kawaida ya volti 12 inaweza kusukuma mamia ya ampea. Waya mwembamba kama njiti ya kiberiti hauyawezi hayo. Ndiyo maana kukawekwa fyuzi, ile ya bluu ya ampea 15 kwa mfano, ife kabla ya waya.

Mbona basi neno limesambaa hivi? Mimi nadhani kosa ni la masikio. Waingereza wana neno jingine, la mshtuko, linalokaribiana na hili kwa sauti, na sisi tukayatia yote mawili kwenye kapu moja. Mtu akishika waya akarushwa tunasema kapigwa shoti, ingawa hapo hakuna safari iliyofupishwa. Anayekaa kwenye kaunta akifunga hesabu jioni akakuta pesa zimepungua, naye anasema amepata shoti. Huyo angalau yuko karibu na asili ya neno. (Farasi naye huenda shoti, yaani mbio, lakini hiyo ni shoti nyingine kabisa, tuiache malishoni.)

Kinachoniudhi hasa ni waya uliokatika kuitwa shoti. Hivi ni vitu vinavyopingana! Kwenye shoti umeme unapita kuliko kiasi. Kwenye waya uliokatika, au soketi iliyochomoka, haupiti kabisa. Shoti huunguza fyuzi, ukiweka nyingine nayo inaungua. Waya uliokatika hauunguzi chochote, kifaa kimenyamaza tu na fyuzi iko nzima. Halafu kuna cha tatu, betri kuishiwa gari likiwa limeegeshwa. Huko mara nyingi ni umeme kuvuja kidogo kidogo: taa ya buti isiyozima, au redio iliyofungwa ovyo. Nusu ampea tu inamaliza betri ya Ah 45 (yaani ya kutoa ampea moja kwa saa 45) kwa saa 90, hazifiki siku nne, na starta itakuwa imeshashindwa kuzunguka kabla ya hapo. Fyuzi haitaungua kwa nusu ampea, hata ungoje mwaka.

Shoti ya kweli nimeikuta mara moja kwenye gari langu. Fyuzi ya taa za nyuma iliungua mara tatu kwa wiki. Rafiki mmoja akanishauri nizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nashukuru sikumsikiliza, maana hapo waya ndio ungegeuka fyuzi, tena umejificha chini ya kapeti. Fundi niliyempelekea alichomoa fyuzi, akachomoa na soketi za taa za nyuma, kisha pale pa fyuzi akachomeka balbu ya breki yenye vipande viwili vya waya. Akawasha swichi ya taa. Balbu ikawaka kwa nguvu zote, na haikutakiwa kuwaka, kwa sababu mbele yake hapakuwa na kitu cha kula umeme. Umeme ulikuwa unarudi kwa njia ya wizi, na balbu inaubana usizidi hizo ampea 2, kwa hiyo hakuna kinachoungua wakati unatafuta. Akaanza kuutikisa mkungu wa nyaya, kutoka kwenye dashibodi kwenda nyuma. Alipofika kwenye bawaba ya buti, balbu ikazima. Akarudia, ikawaka. Ndani ya ule mpira unaokunjika kila buti linapofunguliwa, waya mmoja ulikuwa umechubuka upana wa punje ya mchele, shaba imekuwa nyeusi, na bati lina doa la moshi. Akakata kipande kibovu, akaunga kipande kipya kwa risasi, akavisha mpira wa kusinyaa, akauacha waya ulegee kidogo usivutwe tena. Kuunga hakukuchukua hata robo saa. Kutafuta ndiko kulikomla asubuhi nzima.

Kwa hiyo jirani, pampu yako haikuwa na shoti, ilikosa umeme. Ukirudi kwa fundi mweleze ulichokiona: fyuzi inaungua, au taa haiwaki, au betri inaishiwa usiku. Ukianza na "shoti", anaweza kukuamini akaanza kuvua dashibodi.