Soda zilizotoboka zenyewe

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kutengeneza na kupakia magari ya safari, mteja alirudi Arusha amenuna. Sanduku la soda nililompakilia mwenyewe lilikuwa na makopo matupu, na hakuna aliyeyafungua. Chini kulikuwa na maji matamu yaliyochanganyika na unga wa kijivu. Nikachukua kopo moja, nikaliangalia juani: ubavuni lina tundu dogo kama la sindano.

Ukishashuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, barabara imejikunja kama bati. Kopo linasuguana na jirani yake bila kupumzika, mwisho aluminiamu inaisha. Ule unga wa kijivu ndiyo kopo lenyewe. Tangu hapo kila kopo nalivisha kipande cha khanga kuukuu au soksi, na sanduku nalijaza mpaka lisitikisike.

Ninatengeneza Land Cruiser za kulala: hema juu, jiko nyuma, friji, tangi la maji, betri ya pili. Zile soda ndizo zilizonifundisha ufundi huu kuliko gereji yoyote, kwa sababu kilichotoboa kopo ndicho kinachotoboa bomba la breki lililoguswa na klipu iliyolegea. Ndicho kinachochuna waya wa friji pale unapopita kwenye tundu la bati bila mpira. Kwa hiyo kabla ya safari nalala chini ya gari na tochi, natafuta kitu kimoja tu: nini kinagusa nini. Panapong'aa kama pamepigwa msasa, pana msuguano. Nakata kipande cha tyubu, nakiweka katikati, nakifunga.

Kosa kubwa la wapakiaji ni kupenda keria. Kule juu kuna nafasi, basi kila kitu kinapanda. Hebu piga hesabu: hema peke yake ni kilo 50 hadi 70. Dumu la lita 20 la dizeli ni kama kilo 17, la maji ni kilo 20 kamili. Ongeza spea mbili na rimu zake, gari linayumba kila kona kama mlevi. Juu weka vitu vyepesi vinavyokula nafasi: magodoro, viti vya kukunja, mifuko ya kulalia. Maji na dizeli vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukirundika uzito nyuma kabisa, mbele kunanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ambayo hutaipenda kwenye kokoto.

Kuhusu nati, sina utani. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbovu simama, toa spana: nati za magurudumu, bolti za keria, bolti za hema, betri. Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza, nikafika Seronera, katikati ya Serengeti, keria limefungwa kwa kamba za tyubu, bolti mbili zimebaki porini.

Gesi: funga mtungi kwenye koki kila unapoondoka, na ukiunga mpira paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Njiti ya kiberiti si kipimo cha gesi, ingawa nimewaona wanaoitumia.

Betri ya pili ya kawaida ya asidi ikishuka chini ya volti 12 unaiua pole pole. Friji lipakie vitu vilivyokwisha kupoa nyumbani. Ukitia bia za moto jioni, betri ndiyo inayolipa usiku kucha. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300, baridi ya huko ni msaada tosha. Ukifika huko usishangae pakiti za krisps zimevimba kama maputo. Dumu la dizeli nalo halijazwi mpaka mdomoni.

Kama unapita Tarangire, ficha turubai na nguo za buluu na nyeusi. Mbung'o wanazipenda rangi hizo mno.

Ukirudi, filta ya hewa ipulize kutoka ndani kwenda nje, si kinyume chake. Gari lililotoka Ziwa Natron lioshwe chini siku hiyo hiyo, maana magadi yanakula chuma wakati wewe umelala. Grisi ipigwe kwenye propela shafti mpaka ile ya zamani itoke. Na hema lililokunjwa likiwa na umande lifunguliwe juani siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi. Ukungu ukishaingia kwenye turubai hautoki. Nimeusugua kwa siki, kwa sabuni, kwa limau, nikaishia kununua turubai jingine.

Zipu za hema zikikwama kwa vumbi, zisafishe kwa mswaki mkavu kisha uzipake nta ya mshumaa. Usitie mafuta, yanakamata vumbi. Mshumaa wenyewe nauacha kwenye droo ya jiko la gari, kando ya kiberiti. Mara mbili sasa wateja wamenipigia kushukuru, taa zilipogoma.