Si kila "gastriti" ni ya tumbo

Baba mudogo alitoka Mwene-Ditu na treni akaenda kuchimba ku Kolwezi, na kila akipita huku kwetu Katuba kitu ya kwanza anaomba ni kinini ya gastriti, ni kusema tumbo yenye inavimba ndani. Ye anasema ni pilipili, tena ni hii bukari ya Lubumbashi ya mahindi tupu, kwabo banazoea kuchanganya na muhogo. Bachimbaji benzake nabo banaimba wimbo uleule, bengine banaongeza mawazo ya deni.

Pilipili inaweza kuchoma kidonda chenye kiko tayari, lakini haitoboi tumbo. Vidonda vingi vinatoka ku bakteria inaitwa Helicobacter pylori, ao ku kinini za maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Badakitari Barry Marshall na Robin Warren njo baliipata kule Perth, Australia, mu 1982, na batu habakuamini kama njo inaleta vidonda, basi mu 1984 Marshall akakunywa ile bakteria yeye mwenyewe, tumbo ikamuvimba ndani, akatapika. Mu 2005 bakabapa zawadi ya Nobel. Sasa baba mudogo iko anameza diklofenaki kila magharibi juu ya mugongo, halafu analaumu pilipili ya mama wa soko!

Bengine banasema hii bakteria inaokotwa mu kambi ya karieri, kule banachimba. Aa wapi. Batu bengi banaipata butotoni, mu nyumba ya mama yao, kupitia mate, matapishi, mikono yenye haikunawa, kabla hata hawajapanda treni. Karibu nusu ya batu ya dunia baliibeba ao bangali banaibeba na bengi habasikii kitu. Njo maana Ulaya wakipima bahamiaji ba Afrika ao Asia banaikuta sana kuliko ku benyeji, na hata kule wazee bako nayo kupita vijana, juu butoto bwao bulikuwa wa maji mabaya. Kambi ina dhambi zake, ni kweli: ile maji ya bido yenye kila mutu anatumbukiza kopo inaleta kipindupindu na tifoidi, lakini ni magonjwa ingine.

Na kinini tatu za kununua moja moja haziui ile bakteria ya vidonda. Dakitari anatoa antibiotiki aina mbili ao zaidi pamoja na omeprazoli, kinini ya kupunguza asidi ya tumbo, mara nyingi siku 14, na unamaliza hata kama tumbo imetulia. Baba mudogo alikunywa siku ine, zenye zilibakia akagawia rafiki. Vile hakuna mwenye anapona kati yabo wawili.

Lakini kwenye mi naogopa kabisa ni hapa: kila kitu inauma chini ya kifua batu banaita gastriti. Moyo wenye damu imekatika unaweza kuchoma palepale juu ya tumbo, na jasho, na kichefuchefu, saa ingine mukono wa kushoto ao taya inauma. Batu ya sukari bengine habasikii hata maumivu. Ngozi ya ndani ya tumbo inajifanya upya mu siku chache tu, moyo hauna ile bahati: damu ikikosekana karibu nusu saa, seli zinaanza kufa, na saa zikipita nyama nyingi imekufa, inabakia kovu. Bengine banasema seli za moyo hazizaliwi hata moja, hiyo pia si kweli. Mu 2009 timu ya mwanasayansi Jonas Frisén kule Stockholm ilipima umri wa seli na kaboni 14 yenye mabomu ya nyuklia ilimwaga hewani, ikaona seli za moyo zinabadilika karibu 1% kwa mwaka ukiwa na miaka 25, na ukifika 75 ni chini ya nusu ya hiyo. Fanya hesabu weye mwenyewe: haitoshi kurudisha nyama yenye imekufa.

Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi ya kweli, baba mudogo alikaa ku mulango jasho inamutoka, miaka 52 na sigara mu mufuko, anasema "ni gastriti tu, muniletee bikarbonati." Tukamupandisha takisi kwa nguvu, bakamupima moyo. Ilikuwa tumbo kweli. Mpaka leo ananidai pesa ya ile takisi.