Elementi za mpito: kwa nini manganisi ina rangi nyingi na sodiamu haina hata moja

Dondosha punje chache za pamanganeti ya potasiamu kwenye glasi ya maji. Maji yanakuwa zambarau papo hapo. Chovya kidole: baada ya muda ngozi inabaki na doa la kahawia ambalo sabuni hailitoi. Zambarau na kahawia hiyo ni manganisi ileile. Kwenye maji inahesabiwa kuwa imetoa elektroni 7. Ngozi imeirudishia 3, ikabaki imetoa 4. Uwezo huu wa elementi moja kuwa na hali kadhaa za oksidisho, yaani idadi tofauti za elektroni inazohesabiwa kuwa imetoa, ndio alama kuu ya elementi za mpito.

Elementi hizi hukaa katikati ya jedwali radidia: titani, kromiamu, chuma, kobalti, shaba, na chini yao fedha na dhahabu. Sodiamu ina elektroni moja tu ya kutoa, ikishaitoa imemaliza. Elementi ya mpito ina akiba. Nyuma ya elektroni za ganda la nje zipo nyingine, ziitwazo elektroni za d, ambazo nishati yake inakaribiana na ya zile za nje, kwa hiyo nazo huingia kazini. Chuma hutoa mbili, na mara nyingi huongeza ya tatu. Tofauti ya elektroni hiyo moja si ndogo: himoglobini hubeba oksijeni chuma chake kikiwa kimetoa mbili, kikitoa ya tatu hakiibebi tena.

Rangi nyingi nazo zinatoka kwenye elektroni za d. Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu. Weka kidogo kwenye kijiko, pasha moto taratibu: bluu inafifia mpaka unabaki unga mweupe. Dondoshea tone la maji, bluu inarudi na kijiko kinapata joto. Shaba haijabadilika. Kilichoondoka ni maji yaliyoizunguka, na bila maji hayo elektroni zake hazimezi tena mwanga uleule. Zinki, ambayo nafasi zake 10 za d zimejaa, chumvi zake nyingi ni nyeupe, ndiyo maana wanakemia wengi hawaihesabu kuwa elementi ya mpito. Hata bluu ya tanzanaiti ya Mirerani inahusishwa na vanadiamu kidogo sana iliyojipenyeza ndani ya jiwe.

Kupokea na kuachia elektroni kwa urahisi huko kunazifanya elementi za mpito ziwe vichocheo vizuri pia, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha. Amonia ya kutengenezea mbolea ya urea hupatikana kwa kupitisha naitrojeni na haidrojeni juu ya chuma.

Sasa zile safu mbili zilizowekwa chini ya jedwali, ambazo wanafunzi wengi huziruka. Hizo ni elementi za mpito wa ndani: lanthanaidi na aktinaidi. Elektroni zinazojazwa humo, za f, ziko ndani zaidi. Kwa lanthanaidi zimefunikwa kiasi kwamba karibu zote hutoa elektroni 3 na kufanana kitabia kama pacha. Seriamu huweza kutoa 4 na europiamu 2, lakini hizo ni chache. Kwa hiyo ugumu wa madini adimu, yaani yale yenye lanthanaidi, kama yale ya Gakara huko Burundi, hauishii kwenye kuyachimba; kazi kubwa ni kuyatenganisha.

Aktinaidi zote ni nururifu, yaani hutoa mionzi, na elektroni za f za zile za mwanzo hazijifichi hivyo. Uraniamu hutoa kuanzia 3 hadi 6. Ikiwa imetoa 6 huyeyuka na kusafiri na maji ya chini ya ardhi yenye oksijeni; ikifika penye mabaki ya mimea, pasipo oksijeni, hurudishiwa 2, haiyeyuki tena, inaganda palepale. Hivyo ndivyo uraniamu inavyojikusanya kwenye miamba ya mchanga, aina ya miamba inayoibeba uraniamu ya Mto Mkuju, kusini mwa Tanzania.