Uyoga wa kichuguu ukishakauka haujisemei

Watu wakija hebaria, yaani ghala la sampuli za mimea na uyoga zilizokaushwa, huwa wanashangaa, wametegemea kuona uyoga mnene na kofia yake, wanakuta bahasha ya karatasi na ndani kuna kitu kimejikunja kama kipande cha kiatu cha zamani, rangi imeshakufa, harufu hamna. Ndo wenyewe huo. Thamani yake sasa iko kwenye lebo.

Chukua Termitomyces singidensis, uyoga uliopewa jina mwaka 1994 na Saarimäki na Härkönen, na ukilisoma unaiona Singida humo humo. Jina la namna hiyo linafungwa kwenye sampuli moja iliyokaushwa, tunaiita holotaipu, yaani hata miaka mia ijayo watu wakibishana kama wa kwako ndo huo au sio, inafunguliwa bahasha ile ile.

Uyoga wa jamii hii unalimwa na mchwa. Wana masega yao ndani ya kichuguu, wameyatengeneza kwa majani na miti waliyotafuna, uyoga unaishi humo na mvua zikikolea unapanda juu kwa mzizi mrefu. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanang'oa! Mzizi unakatikia chini, umebaki na nusu ya ushahidi. Chimba taratibu, ufuate mpaka kwenye sega, na mchwa wachache uwatie kwenye kichupa cha spiriti.

Halafu andika pale pale, usiseme nitakumbuka nyumbani: tarehe, kijiji, jipiesi, rangi, harufu, na jina analoliita mama aliyekuonyesha, kwa lugha yake, sio tafsiri yako. Kofia moja ilaze kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli, asubuhi utakuta vumbi la pinki, hizo ni spora, yaani mbegu za uyoga. (Usilifanye kipimo cha kula, kuna uyoga wa sumu wenye vumbi la pinki vilevile.) Kukausha ni joto dogo, nyuzi 40 hivi, maana wengine wanauanika juu ya jiko la mkaa, unaiva kabisa na DNA inaharibika, huo sasa ni mboga.

Kuna bahasha moja nilishawahi kuifungua, lebo imeandikwa kwa mwandiko mzuri tu: "Uyoga. Porini. Unalika." Nimeugeuza geuza, nikaweka kipande chini ya hadubini, mwisho nikaandika Termitomyces sp., yaani ni wa jamii hiyo ila aina haijulikani, nikaurudisha kabatini.